Namna ya Kuacha Dawa ya Osteoporosisi kwa Usalama Pale Inapokuletea Madhara

Mtu mwenye osteoporosisi, yaani ugonjwa unaoifanya mifupa iwe myepesi na ivunjike kwa jambo dogo, mara nyingi huanzishiwa dawa akiwa hana maumivu yoyote, na huenda maumivu ya kwanza anayoyapata yakaletwa na dawa yenyewe. Haishangazi basi kwamba dawa hizi huachwa na watu wengi, tena huachwa kimyakimya: kidonge cha Jumapili hii kinarukwa, cha Jumapili ijayo nacho kinarukwa, au tarehe ya sindano inapita bila mtu yeyote nyumbani kuitaja. Kuacha si kosa. Yapo madhara yanayotosha kabisa kuifanya dawa isimamishwe leo hii, na wapo wagonjwa ambao daktari mwenyewe angewashauri wapumzike. Tatizo ni kwamba dawa za mifupa haziachwi kwa namna moja. Ipo ambayo ukiisimamisha kesho mifupa itaendelea kulindwa kwa miezi mingi, na ipo ambayo kuchelewa kwake kwa miezi michache kunaweza kuvunja pingili kadhaa za uti wa mgongo kwa mfululizo. Anayeichukulia ya pili kama ya kwanza hujiweka katika hatari kubwa kuliko madhara aliyokuwa akiyakimbia.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutofautisha, lipi la kufanya kabla ya kuacha, na lipi la kumwomba daktari. Hauchukui nafasi ya daktari anayejua hali ya figo zako na historia ya mifupa yako. Kadhalika haumhusu mgonjwa wa saratani anayepewa dawa za jamii hii kwa dozi kubwa zaidi kwa ajili ya saratani iliyofika kwenye mifupa. Huyo azungumze na kliniki yake ya saratani.

Tambua dawa yako kwanza

Chukua boksi la dawa, cheti cha kliniki au karatasi uliyopewa ulipotoka hospitalini, usome jina la dawa yenyewe. Wagonjwa wengi husema tu kwamba wanatumia “dawa ya mifupa” au wanachomwa “sindano ya mifupa”, na maelezo hayo hayamtoshi mtu yeyote atakayetaka kukusaidia, kwa kuwa vidonge vya kalsiamu, vitamini D, diklofenaki ya maumivu ya mgongo na hata dawa za gauti huitwa hivyo hivyo mitaani.

Kundi lenye watumiaji wengi zaidi ni la bisfosfonati. Humo mna alendronati, ambayo jina lake la kibiashara la zamani ni Fosamax na ambayo kwa kawaida humezwa kidonge kimoja cha miligramu 70 kila wiki; mna risedronati ya miligramu 35 kwa wiki; mna ibandronati ya miligramu 150 kwa mwezi; na mna asidi ya zoledroniki, ambayo hutolewa kwa dripu ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka. Dawa hizi hujishikiza kwenye mfupa na kubaki humo kwa miaka, na jambo hilo ndilo linalorahisisha kuziacha.

Denosumabu, inayouzwa kwa jina la Prolia na nyingine zinazofanana nayo, haimo katika kundi hilo ingawa kazi yake inafanana nalo. Ni sindano ya miligramu 60 inayochomwa chini ya ngozi kila baada ya miezi 6, na ilianza kuidhinishwa mwaka 2010. Haijishikizi kwenye mfupa hata kidogo. Inapokwisha mwilini imekwisha. Zipo pia sindano za kujenga mfupa, yaani teriparatidi ya kila siku na romosozumabu ya kila mwezi, na mwisho zipo raloksifeni na homoni za wanawake waliokoma hedhi.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Kama mifupa yako ilidhoofishwa na prednisoloni uliyopewa kwa ajili ya pumu, baridi yabisi au lupasi, usije ukadhani kwamba prednisoloni ndiyo “dawa ya mifupa” inayozungumziwa hapa. Mwili uliozoea prednisoloni kwa wiki nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kuishiwa nguvu kabisa na shinikizo la damu likashuka vibaya. Dawa hiyo hupunguzwa polepole, kwa ratiba ya daktari peke yake.

Hakikisha mkosaji ni dawa hiyo

Kabla ya kuiacha dawa, inafaa kuuliza kama ndiyo kweli inayokusumbua, kwa sababu baadhi ya malalamiko huisha kwa kubadilisha namna ya kumeza. Alendronati na ndugu zake humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, mililita 200 hivi, kisha mtu hukaa wima, husimama au hutembeatembea kwa nusu saa bila kula na bila kulala. Kwa ibandronati ni saa nzima. Chai ya maziwa haifai, kahawa haifai, uji haufai, wala maji ya chupa yenye madini mengi. Mama anayeamka alfajiri, akameza kidonge kwa funda moja la maji, akaswali, kisha akajirudisha kitandani, ana kila sababu ya kuungua kifua, kwa kuwa kidonge kimekwama kwenye umio na kinauchoma. Aswali kwanza, ndipo ameze, na baada ya kumeza asijilaze mpaka apate kifungua kinywa. Akifanya hivyo na kifua kikaendelea kuwaka, hapo sasa tuna dawa isiyomfaa.

Mtuhumiwa mwingine anayesahaulika ni diklofenaki, pamoja na ibuprofeni na aspirini. Wazee wengi wenye mgongo unaouma humeza diklofenaki iliyonunuliwa duka la dawa bila hata kuihesabu kuwa ni dawa, na dawa hizo huumiza tumbo zenyewe, sembuse zikichanganywa na alendronati. Vidonge vya kalsiamu navyo hufunga choo na kujaza gesi, na lawama huangukia kidonge cha wiki. Mweleze mfamasia kila unachomeza, pamoja na dawa za mitishamba, kabla hujaamua ni kipi cha kuacha.

Dripu ya asidi ya zoledroniki ina kisa chake. Takriban mtu mmoja kati ya watatu hupata homa, kuumwa mwili mzima na kichwa katika siku tatu za kwanza baada ya dripu ya kwanza, kama mtu aliyeshikwa na mafua makali, na hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe baada ya siku chache. Parasetamoli na maji ya kutosha husaidia, na dripu za miaka inayofuata huwa na homa ndogo zaidi au hazina kabisa. Homa hiyo peke yake si sababu ya kuiacha dawa. Hata hivyo, kwa anayeishi penye malaria, homa yoyote ipimwe. Isisingiziwe dripu kwa siku nne huku vimelea vikizaliana.

Madhara yasiyosubiri miadi

Yapo mambo ambayo yakitokea usimeze kidonge kinachofuata wala usikubali dozi nyingine mpaka daktari akuone, na baadhi yake yanataka uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kumeza kwa shida au kwa maumivu, maumivu ya kifua yanayoanza baada ya kidonge, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni dalili kwamba umio au tumbo limejeruhiwa. Jicho linalouma, lililo jekundu na lisilostahimili mwanga linaweza kuwa na uvimbe wa ndani unaosababishwa na bisfosfonati, na matone ya kununua dukani hayatoshi. Ganzi au kuwashwawashwa kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, pamoja na misuli kukakamaa, hasa katika wiki za kwanza baada ya sindano au dripu, huashiria kalsiamu ya damu imeshuka. Wagonjwa wa figo ndio walio hatarini zaidi: Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka kwenye Prolia onyo lake la ngazi ya juu kabisa kuhusu kushuka vibaya kwa kalsiamu kwa wenye ugonjwa wa figo uliofika mbali, hasa wanaosafishwa damu. Uso kuvimba na pumzi kubana ni mzio, na hilo halihitaji maelezo.

Maumivu ya paja nayataja peke yake kwa kuwa ndiyo yanayopuuzwa. Baada ya miaka mingi ya bisfosfonati au denosumabu, watu wachache sana hupata ufa kwenye mfupa wa paja, katikati ya nyonga na goti, na ufa huo hutangulia kujulisha kwa maumivu mazito ya paja au kinena yanayoweza kudumu wiki au miezi kabla mfupa haujakatika kabisa, wakati mwingine mtu akiwa anatembea tu. Tangu mwaka 2010 FDA iliagiza onyo hilo liandikwe kwenye bisfosfonati zote za osteoporosisi. Ukipata maumivu ya namna hiyo, acha kumeza, punguza uzito juu ya mguu huo kwa kutumia mkongojo, na omba eksirei ya mfupa mzima wa paja, na ya mapaja yote mawili. Nasisitiza hili kwa sababu mgonjwa anayelalamikia kinena hupigwa picha ya nyonga, anayelalamikia goti hupigwa ya goti, na ufa ulio katikati ukabaki bila kuonekana. Na mara nyingi paja la pili nalo lina ufa ambao bado haujaanza kuuma. Iwapo ufa upo, dawa hiyo imekwisha kwako, na habari njema ni kwamba hatari ya ufa mwingine hushuka haraka baada ya kuacha bisfosfonati.

Taya nalo huogopwa kuliko inavyostahili. Kufa kwa mfupa wa taya, ambapo mfupa hubaki wazi mdomoni kwa zaidi ya wiki 8, ni jambo la nadra sana kwa dozi za osteoporosisi. Linawasumbua zaidi wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa. Kung'oa jino si sababu ya kuacha dawa kwa uamuzi wako. Mweleze daktari wa meno unachotumia, uache apange, na kama unatumia denosumabu usikubali sindano iahirishwe kwa miezi kwa sababu ya jino kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia.

Kuacha kidonge cha wiki au dripu ya mwaka

Kwa bisfosfonati, jibu la kama unaweza kusimama mara moja ni ndiyo. Hakuna haja ya kupunguza dozi kidogo kidogo, hakuna arosto, na kiasi kilichohifadhiwa kwenye mfupa huendelea kufanya kazi. Kwa mtu aliyemeza kwa miaka, wiki nne za kupumzika ili kuona kama maumivu ya viungo au ya tumbo yataondoka hazina hatari ya maana, na kipindi hicho ndicho kipimo bora zaidi kilichopo. Andika katika daftari tarehe ya kidonge cha mwisho, na kila jioni uandike maumivu yako kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Yakishuka ukiwa hutumii na kupanda tena unaporudi, ushahidi umepatikana. Yakibaki palepale, pengine ni mgongo wenyewe, magoti, au upungufu wa vitamini D, ambao huleta maumivu ya misuli na mifupa yanayofanana sana na ya dawa, na ambao huwapata hata watu wa nchi zenye jua kali ikiwa wanashinda ndani au wanavaa nguo zinazofunika mwili wote. Wapo wachache ambao maumivu yao ya misuli huchukua miezi kuondoka, kwa hiyo wiki nne zisizo na mabadiliko haziisafishi dawa moja kwa moja.

Swali la pili ni muda gani umeshatumia. Aliyemeza alendronati kwa miaka 5, au aliyepata dripu kwa miaka 3, amefika mahali ambapo madaktari wenyewe huangalia upya kama kuna haja ya kuendelea. Katika utafiti wa FLEX uliochapishwa Marekani mwaka 2006, wanawake waliokuwa wamemeza alendronati kwa takriban miaka 5 waligawanywa, wengine wakaendelea kwa miaka 5 zaidi na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Mivunjiko ya mifupa isiyokuwa ya uti wa mgongo haikutofautiana. Mivunjiko ya pingili iliyogunduliwa kwa maumivu yake ilitofautiana: asilimia 5.3 kwa walioacha, asilimia 2.4 kwa walioendelea. Maana yake, kwa mtu wa hatari ya wastani mapumziko ni salama kiasi, lakini hayafai kwa aliyewahi kuvunjika nyonga au pingili, kwa ambaye kipimo cha nyonga cha DEXA, yaani picha inayopima ujazo wa mfupa, bado kiko −2.5 au chini yake, kiwango cha osteoporosisi, wala kwa anayeendelea na prednisoloni. Hao wakiacha kidonge kwa sababu ya madhara wanahitaji dawa nyingine badala yake, si mapumziko.

Aliyeanza dawa miezi mitatu tu iliyopita naye hana akiba ya kumlinda, kwa hiyo kuacha kwake ni sawa na kurudi alipokuwa kabla ya tiba. Kwa bahati nzuri ana njia nyingi mbele yake. Ambaye umio haustahimili kidonge anaweza kupewa dripu, isiyopita tumboni kabisa, ikiwa figo zake zinachuja kwa mililita 35 kwa dakika au zaidi.

Sindano ya miezi sita

Hapa ndipo ninapomsihi msomaji asome polepole. Denosumabu hufanya kazi kwa kuziba ishara inayoziamsha seli za kula mfupa. Seli hizo haziondoki, hujikusanya zikisubiri. Dawa inapokwisha, kuanzia mwezi wa saba hivi baada ya sindano ya mwisho, huamka kwa pamoja na kuula mfupa kwa kasi kubwa kuliko ilivyokuwa kabla ya tiba, kiasi kwamba ujazo uliopatikana kwa miaka unaweza kutoweka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Uchambuzi wa wagonjwa wa utafiti mkubwa wa dawa hiyo, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mivunjiko ya pingili ilipanda kutoka 1.2 hadi 7.1 kwa kila watu 100 kwa mwaka baada ya kuacha, na kati ya waliovunjika pingili baada ya kuacha, asilimia 60.7 walivunjika zaidi ya moja. Walio hatarini zaidi ni wale ambao pingili zao ziliwahi kuvunjika kabla.

Kwa hiyo kanuni ni hii: sindano ya denosumabu haiachwi, bali hubadilishwa kwa dawa nyingine, na mbadala huo hutayarishwa kabla dozi inayofuata haijafika. Kuharakisha hakuna faida, kwa kuwa sindano iliyokwisha kuchomwa haiwezi kutolewa mwilini, na kuahirisha ndiko kunakoleta msiba. Upele, ukurutu au ugonjwa wa ngozi uliokupata, kama ule uvimbe mwekundu wa moto mguuni unaohitaji antibiotiki, utatibiwa wenyewe huku muda uliobaki ukitumika kupanga.

Chukua mfano wa mtu aliyechomwa mara ya mwisho tarehe 10 Machi. Tarehe 10 Septemba miezi 6 imetimia. Mwezi wa Julai au Agosti anatakiwa awe ameshapimwa kreatinini (kipimo cha damu cha figo), kalsiamu na, panapowezekana, vitamini D, na upungufu uwe umerekebishwa. Karibu na tarehe 10 Septemba anapewa dripu ya asidi ya zoledroniki, au anaanza alendronati ya kila wiki, ambayo ataendelea nayo kwa mwaka mmoja hadi miwili. Ikifika tarehe 10 Oktoba hajapata lolote kati ya hayo, ameingia katika mwezi wa hatari. Dripu hutolewa miezi 6 inapotimia, wala si mapema zaidi, kwa sababu dawa hushika vizuri pale mfupa unapoanza kufanya kazi tena. Dripu moja huenda isitoshe, hasa kwa aliyechomwa denosumabu kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, ndiyo maana madaktari wenye uwezo wa kupima CTX, kipimo cha damu kinachoonyesha kasi ya mfupa kuliwa, hukirudia baada ya miezi 3 na ya 6, na kutoa dripu nyingine kasi hiyo ikipanda. Pasipokuwa na kipimo hicho, kipimo cha DEXA baada ya mwaka kitasaidia. Teriparatidi si mbadala mzuri hapa. Ikifuata denosumabu, ujazo wa nyonga hushuka.

Kundi moja linanitia wasiwasi kuliko mengine. Ni la wazazi waliokwenda kuwatembelea watoto wao Uingereza, Marekani au nchi za Ghuba, wakapimwa huko, wakachomwa sindano moja au mbili, kisha wakarudi Tanga au Mombasa na boksi la kalsiamu na barua ya lugha wasiyoisoma. Hakuna aliyewaambia kwamba sindano hiyo ina deni. Mtoto aliye ughaibuni anayesoma haya amwulize mzazi wake leo: “Mama, ile sindano uliyochomwa ulipokuja huku, ilikuwa tarehe ngapi?” Jibu likiwa ni zaidi ya miezi 6 iliyopita, asisubiri safari ijayo. Aliyechelewa apate sindano mapema iwezekanavyo baada ya kupimwa kalsiamu, na miezi 6 mipya ihesabiwe kuanzia siku hiyo, au aanzishiwe mbadala mara moja. Ikiwa hapo alipo sindano haipatikani, kidonge cha alendronati kinachopatikana ni bora kuliko dawa bora isiyopatikana, mradi figo zinaruhusu.

Maumivu mapya na makali ya mgongo katika miezi hiyo, hasa yanayozidi mtu anaposimama au kugeuka, yachukuliwe kuwa ni pingili iliyovunjika mpaka eksirei ya mgongo wa kifua na wa kiuno ioneshe vinginevyo. Mgongo huo usichuliwe, usikandwe kwa nguvu wala usinyooshwe na mtu yeyote.

Ngumu zaidi ni kwa mgonjwa ambaye figo zake haziruhusu bisfosfonati, au ambaye denosumabu yenyewe imempasua paja au kuharibu taya. Hakuna njia iliyonyooka, na huyo lazima aonwe na bingwa wa homoni au wa figo kabla ya dozi inayofuata. Wakati mwingine uamuzi wa busara ni kuendelea na sindano licha ya maudhi yake. Matumizi yake yamefuatiliwa hadi miaka 10 katika utafiti.

Dawa nyinginezo, kwa ufupi

Teriparatidi huleta kizunguzungu mtu anaposimama, kichefuchefu na mikakamao ya misuli ya miguu. Kuichoma jioni mtu akiwa ameketi kitandani mara nyingi hutosha kuondoa kizunguzungu. Inaweza kusimamishwa siku yoyote, lakini mfupa iliyoujenga hupotea usipofuatiwa haraka na bisfosfonati au dawa nyingine ya kuuhifadhi. Romosozumabu, yenye kikomo cha miezi 12, husimamishwa papo hapo kwa maumivu ya kifua au dalili za kiharusi, na nayo hudai dawa ya kuifuata. Raloksifeni huachwa mara moja mguu ukivimba upande mmoja na kuuma, kwa kuwa hugandisha damu, na husimamishwa angalau saa 72 kabla ya upasuaji utakaomlaza mtu kwa muda. Ulinzi wake na ule wa homoni hupungua baada ya kuacha, pasipo ule mshindo wa ghafla wa denosumabu.

Jinsi ya kulieleza kwa daktari

Miadi ya kliniki ni mifupi, na mgonjwa anayesema “dawa inanisumbua” hupewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani. Ingia na karatasi yenye jina la dawa, dozi, tarehe uliyoanza, tarehe ya dozi ya mwisho, dhara lilipoanza na jinsi lilivyo, mifupa uliyowahi kuvunja na mwaka wake, na dawa zote nyingine. Kisha sema wazi: “Daktari, nimekuwa nikimeza alendronati tangu mwaka 2021. Tangu Aprili napata maumivu ya kifua kila Jumatatu ninapoimeza, ingawa nameza kwa maji mengi na nakaa wima nusu saa nzima kabla ya kula. Ninaomba tuiache. Je, nahitaji nyingine badala yake, au naweza kupumzika, na kama ni kupumzika, tutapima lini tena?” Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Mapumziko yasiyo na tarehe ya kupimwa tena ni kuacha tiba kwa jina lingine.

Kama kinachokusukuma kuacha ni bei, sema hivyo pia, bila haya. Mgonjwa anayesingizia tumbo atabadilishiwa dawa kwa nyingine iliyo ghali zaidi, ilhali alendronati isiyo na jina la kibiashara ni nafuu kuliko sindano nyingi, na daktari anaweza kukuandikia kwa mujibu wa bima yako.

Omba dhara liandikwe kwenye cheti na kutolewa taarifa. Tanzania taarifa za madhara ya dawa hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kenya hupokelewa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mfamasia anaweza kukujazia, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kutoa taarifa.

Baada ya kuacha

Kalsiamu haiwi mbadala wa dawa uliyoiacha, lakini mfupa hauwezi kusimama bila hiyo. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 kwa siku kutoka katika vyakula vyote, na dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa na mtindi hutoa sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa bei ya soko la kawaida. Supu ya mifupa, kwa jinsi inavyosifiwa, ina kalsiamu kidogo. Sigara na pombe nyingi ziachwe. Anayeweza kutembea atembee kila siku, na nyumba itazamwe kwa macho ya mtu atakayeanguka usiku: zulia linaloteleza, ndoo iliyoachwa njiani, choo cha nje kisicho na taa.

Pima urefu wako kila baada ya miezi 6, bila viatu, mgongo ukiwa kwenye fremu ya mlango, na uweke alama kwa penseli. Kupungua kwa sentimita 2 au zaidi tangu kipimo kilichopita kunatosha kuomba eksirei ya mgongo hata kama huumwi, kwa kuwa pingili nyingi huvunjika bila kelele. Aliyepumzika bisfosfonati arudi kupimwa baada ya mwaka mmoja hadi mitatu kulingana na hatari yake. Akivunjika mfupa kabla ya hapo, au ujazo wa nyonga ukishuka kwa kiasi cha kuonekana, mapumziko yamekwisha na tiba inaanza upya, na safari hii daktari aonyeshwe kwenye cheti ni dawa gani iliyomdhuru ili asiandikiwe ileile.